Dawa tuliyowapa kuku imekwenda wapi?

Ndugu msikilizaji, nawe ndugu msomaji utakayeyakuta mazungumzo haya gazetini, juma hili naomba tuanzie nyuma ya nyumba yangu, kwenye banda la kuku.

Kama walivyo watumishi wengi wa mjini ambao mshahara wao hauvuki tarehe kumi na tano, nami hufuga kuku wa mayai. Kwa miaka kadhaa mwenye duka la dawa za mifugo ndiye aliyekuwa daktari wangu. Kuku akijikunyata, oksitetrasaiklini. Wakiharisha, oksitetrasaiklini. Vifaranga wakifika wazima kabisa, wapewe siku tano za mwanzo, “kwa tahadhari”. Ule unga wa njano niliukoroga katika maji yao ya kunywa, na maji yaliyobaki jioni niliyamwaga chini ya mpapai. Hata kideri kilipoingia mtaani niliwapa unga huohuo, ingawa kideri ni ugonjwa wa virusi, na dawa ile haina lolote la kuvifanya virusi. Kuku wakafa, nami nikajiambia kwamba nilichelewa.

Mbolea ya banda hilo ina mteja mmoja tu, bibi jirani yangu ambaye hulima mchicha na matembele bondeni. Siku moja alikuja na viroba vyake akanikuta nakoroga dawa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza: “Mwanangu, hiyo dawa unayowapa kuku kila siku, wakishakunywa inakwenda wapi?”

Nilimjibu kama anavyojibu mtu aliyesomea uandishi wa habari asiyejua uganga wa mifugo. “Inaishia humohumo tumboni, mama. Inaua vijidudu, na yenyewe inakwisha.” Alinitazama kidogo, akasema, “Haya,” akaanza kujaza viroba vyake. Lakini “haya” ile haikuwa ya mtu aliyekubali.

Swali hilo halikuniacha nilale. Nikaanza kupekua vitabu na makala za wataalamu, na nilichokikuta kilinitia aibu. Jibu nililompa bibi lilikuwa limekanushwa tangu siku za wagonjwa wa kwanza kabisa.

Februari 1941, Uingereza ikiwa vitani na Ujerumani, askari polisi mmoja aitwaye Albert Alexander alikuwa amelazwa katika hospitali ya Radcliffe mjini Oxford. Usaha ulikuwa umemwenea usoni na kichwani, na jicho lake moja lilikuwa limekwisha kuondolewa. Mjini humo kulikuwa na kundi la wanasayansi waliokuwa wakihangaika kuchuja penisilini, ile dawa itokanayo na ukungu ambayo Alexander Fleming aliigundua jijini London mwaka 1928 lakini akashindwa kuitenga ikawa safi. Kiongozi wao alikuwa Howard Florey, mzaliwa wa Australia, na pamoja naye Ernst Chain, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler. Tarehe 12 Februari askari yule akawa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kutibiwa maambukizi kwa sindano za penisilini. Haukupita muda homa ikashuka, akaanza kula.

Shida ilikuwa moja: dawa iliyokuwapo duniani ilikuwa chache mno. Lakini wanasayansi wale walikuwa wanajua jambo ambalo mimi sikulijua. Sehemu kubwa ya penisilini hupita katika figo na kutoka katika mkojo ikiwa haijabadilika hata kidogo. Basi mkojo wa askari ukakusanywa, ukapelekwa maabara kwa baiskeli, penisilini ikachujwa humo, na mgonjwa akadungwa tena dawa ileile iliyokwisha kupita mwilini mwake. Hata hivyo haikutosha. Dawa ikaisha, ugonjwa ukarudi, na tarehe 15 Machi 1941 akafariki dunia.

Tangu siku ya kwanza, basi, ilijulikana kwamba dawa hizi haziishii tumboni. Ziko zinazovunjwavunjwa na ini, lakini nyingi hutoka zikiwa na nguvu zao. Hizi ndizo antibayotiki, ambazo siku hizi tunaziita viuavijasumu, na jamii ya tetrasaiklini, ambamo umo ule unga wangu wa njano, ni miongoni mwa zile ambazo sehemu yake kubwa hutoka na mkojo na kinyesi. Kuku, kama tujuavyo, havitenganishi hivyo viwili. Vyote huangukia sakafuni mwa banda, na vyote huingia katika kiroba cha bibi.

Kuna jambo jingine la miaka hiyohiyo. Desemba 1940, miezi miwili kabla askari yule hajachomwa sindano, Chain na mwenzake Edward Abraham walichapisha habari ya kitu walichokikuta ndani ya bakteria. Kilikuwa kimeng’enya chenye uwezo wa kuivunja penisilini, wakakiita penisilinasi. Zingatia tarehe, ndugu yangu. Dawa ilikuwa bado haijaanza kutumika kwa mapana, na bakteria walikuwa tayari wana kitu cha kuivunja. Walikitoa wapi? Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kuvuka bahari hadi Marekani, kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa udongo.

Mtu huyo ni Selman Waksman, aliyezaliwa Ukraine mwaka 1888 na kuhamia Marekani mwaka 1910. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Rutgers, jimbo la New Jersey, na umri wake wote alichunguza vijiumbe vinavyoishi ardhini. Miaka ya 1930 maabara yake ilishughulikia swali linalofanana sana na lile la bibi yangu. Wagonjwa wa kifua kikuu hutema makohozi ardhini, maiti huzikwa, kinyesi cha ng’ombe wenye ugonjwa humwagwa mashambani. Mbona basi ardhi haijajaa vijidudu vya kifua kikuu? Vinakwenda wapi? Uchunguzi ulionyesha kwamba vikiingia katika udongo wenye uhai hupungua hatua kwa hatua mpaka vikatoweka. Kumbe ardhini mna vita, na wenyeji wa ardhi wana silaha zao.

Waksman na wanafunzi wake wakaanza kuzitafuta silaha hizo, na yeye ndiye aliyelipa neno antibayotiki maana tunayoitumia leo. Mwaka 1943 mwanafunzi wake Albert Schatz, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akifanya kazi katika chumba cha chini ya jengo, akaipata streptomaisini, dawa ya kwanza kukiweza kifua kikuu. Waksman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952 peke yake. Schatz alikuwa amekwisha kumshitaki mwalimu wake mwaka 1950 akidai haki yake, na wakamalizana nje ya hukumu, lakini tuzo hakuiona.

Sasa sikiliza vijiumbe vilivyotoa dawa hiyo vilipatikana wapi. Schatz alivipata mahali pawili. Pa kwanza palikuwa udongo wa shamba uliotiwa samadi nyingi. Pa pili palikuwa koo la kuku.

Niliposoma hapo nilikifunga kitabu, nikatoka nje nikawatazama kuku wangu.

Na si streptomaisini tu. Kloramfenikoli ilitokana na udongo wa Venezuela, erithromaisini na udongo wa Ufilipino. Klorotetrasaiklini, mzazi wa ule unga wa njano, ilitokana na udongo wa shamba la chuo kikuu huko Missouri, Marekani, ikatangazwa mwaka 1948. Rifampisini, ambayo hadi leo ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu, asili yake ni udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa. Nasi wa Afrika Mashariki tumo katika historia hiyo. Wagonjwa wetu walishiriki katika majaribio yaliyoendeshwa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1972 yaliionyesha dunia kwamba tiba ya kifua kikuu ya miezi 18 yaweza kufupishwa ikawa ya miezi 6. Mzee yeyote aliyewahi kuchomwa zile sindano za kila siku alichomwa kitu kilichotoka ardhini.

Hapo ndipo nilipopata jibu la penisilinasi. Viumbe vya ardhini vimetengenezeana sumu kwa muda mrefu kuliko mwanadamu alivyokuwapo, na vinavyotengeneza sumu vinaishi jirani na vinavyojua kuivunja. Mwaka 2011 wanasayansi wa Kanada walieleza jinsi walivyochimba udongo ulioganda kwa barafu huko Yukon, udongo wa miaka 30,000, wakakuta humo vinasaba vya usugu dhidi ya jamii ya penisilini, dhidi ya tetrasaiklini na hata dhidi ya vankomaisini. Miaka 30,000 hapakuwa na duka la dawa.

Lakini ardhini, sumu hizo huwa ni chembe ndogo sana, jirani kwa jirani. Sisi tukazifanya tani. Na kuku ndiye aliyetufungulia mlango.

Katika kampuni ya Lederle, jimbo la New York, wataalamu wawili, Thomas Jukes na Robert Stokstad, walikuwa wakitafuta vitamini B12 ya bei nafuu kwa ajili ya vifaranga. Walijaribu kuwalisha machicha yaliyobaki baada ya klorotetrasaiklini kukamuliwa katika mitambo. Vifaranga wakanenepa kuliko vitamini peke yake ilivyoweza kueleza. Ikaonekana kwamba katika machicha ilibaki dawa kidogo, na dawa hiyo kidogo ndiyo iliyowakuza. Habari ikatangazwa mwaka 1950, na baada ya hapo viuavijasumu vikaanza kuchanganywa katika vyakula vya kuku na nguruwe, wazima kwa wagonjwa, katika nchi nyingi za viwanda. Dawa ikawa kama chumvi ya mboga.

Fleming alikuwa ameonya mapema. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, yeye pamoja na Florey na Chain, alisema wazi kwamba ni rahisi kuwafanya vijidudu wawe sugu kwa kuwapa dawa kidogo isiyotosha kuwaua. Dawa kidogo isiyotosha kuua ndiyo hiyo iliyotiwa katika chakula cha kuku. Na mwishoni mwa miaka ya 1950 Wajapani, walipokuwa wakichunguza ugonjwa wa kuhara damu, waligundua jambo la kutisha zaidi: bakteria mmoja humpa mwenzake usugu, hata kama si wa kabila lake, kama mtu anavyompa jirani ufunguo wa akiba.

Sasa turudi kwenye kiroba cha bibi. Dawa imekwisha kutoka kwa kuku, imo ndani ya mbolea, na mbolea imekwenda bondeni. Nini kinaipata huko? Wataalamu walianza kulifuatilia jambo hili kwa nguvu tangu miaka ya 1990, vyombo vyao vilipopata uwezo wa kupima chembe ndogo sana. Walichokiona ni kwamba kila dawa ina tabia yake.

Penisilini ni dhaifu mbele ya maji. Katikati yake mna pete ndogo iliyokazwa kama upinde, na pete hiyo ikikatika, dawa si dawa tena. Ndiyo maana muuguzi huukoroga ule unga kwa maji wakati uleule wa kukudunga, na chupa ya mtoto ya amoksilini ikishatiwa maji huandikwa kwamba itupwe baada ya siku chache. Katika maji ya mtaro na katika udongo wenye vimeng’enya, jamii hii haikai sana.

Tetrasaiklini ni ya namna nyingine. Jua huivunja, ndiyo sababu huwekwa mahali penye giza. Lakini dawa iliyofukiwa shambani hailioni jua. Tena ina tabia ya kung’ang’ania madini. Daktari anapokuambia usiimeze kwa maziwa, ni kwa sababu huikamata chokaa ya maziwa ikashindwa kuingia mwilini. Ikitumiwa na watoto wadogo hung’ang’ania meno yao yakabaki na rangi. Kwa tabia hiyohiyo hujibandika kwenye udongo wa mfinyanzi na kwenye mboji. Hapo vijiumbe huifikia kwa shida. Mtu aweza kudhani imekwisha, kumbe imejificha. Mwaka 2002 wataalamu wa Ujerumani walieleza jinsi walivyopima shamba lililomwagiwa mbolea ya maji ya mifugo, wakaikuta tetrasaiklini katika sentimita 30 za juu za udongo, palepale inapoota mizizi ya mboga.

Jamii ya salfa, ambayo ndimo imo Septrin tuliyoizoea sote, haishiki sana udongo. Mvua ikinyesha, hufuatana na maji mpaka kwenye kisima na mtoni. Nayo ina ujanja wake. Ini la mwanadamu huifunika sehemu ya dawa hiyo kwa kuipachika kipande cha ziada, nayo ikapoteza makali. Inapofika katika maji taka, bakteria wa humo hukivua kipande kile kama mtu avuavyo koti, na dawa ikarudi kuwa dawa. Kwa hiyo aweza mtu akapima maji yanayotoka katika mtambo wa kusafishia akakuta dawa zaidi ya ile iliyoingia.

Halafu wapo walaji wenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichukua udongo kutoka mahali 11, wakawatenga bakteria, wakawanyima chakula chochote isipokuwa viuavijasumu 18, kimoja kimoja. Kulipatikana bakteria walioishi kwa kula dawa hizo, penisilini ikiwa miongoni mwao. Na katika shamba la majaribio huko Ontario, Kanada, ambako watafiti walitia dawa za mifugo udongoni mwaka baada ya mwaka, ilitangazwa mwaka 2013 kwamba udongo uliozoea salfa huivunja haraka kuliko udongo mgeni, na bakteria anayeila akakamatwa humo.

Mtu akiishia hapo atashangilia. Ardhi imetupa dawa, na ardhi inajua kuzila. Basi tumwage tu! Nami nilishangilia kwa siku mbili hivi, mpaka nilipokutana na habari za India na za Uholanzi.

Mahali paitwapo Patancheru, karibu na jiji la Hyderabad, palikuwa na mtambo uliokuwa ukipokea maji taka ya viwanda vya dawa vipatavyo 90. Mwaka 2007 watafiti wa Sweden walitangaza vipimo vya maji yaliyotoka katika mtambo huo yakiwa yamekwisha “kusafishwa”. Walikuta siprofloksasini hadi miligramu 31 katika lita moja. Kiasi hicho kinazidi kile kinachokuwa katika damu ya mgonjwa anayemeza dawa hiyo. Siprofloksasini ni ya wale wenye kung’ang’ania tope. Vijiumbe vya mto ule havikuwa na mahali pa kukimbilia. Ama vife, ama vijifunze.

Huko Uholanzi kuna watu waliokuwa na desturi nzuri ya kuweka akiba ya udongo, wakauandika mwaka na kuuhifadhi mkavu. Mwaka 2010 watafiti walizifungua akiba hizo, za tangu 1940 hadi 2008, wakahesabu vinasaba vya usugu ndani yake. Vilikuwa vimeongezeka kadiri miaka ilivyokwenda, na baadhi ya vile vya usugu dhidi ya tetrasaiklini vilizidi mara 15 kulinganisha na miaka ya 1970. Udongo ulikuwa umeweka kumbukumbu ya kila tulichoumwagia.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Dawa ikivunjika, haina maana kwamba mambo yamekwisha. Kwa muda ilipokuwa pale imewaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale wajuao kuivunja au kuikwepa, na hao huzaana, wakapeana ufunguo ule wa akiba. Dawa yaweza kuondoka baada ya majuma. Usugu hubaki na watoto na wajukuu.

Aidha, ardhi na maji vina mwendo wao. Fikiria ndoo yenye tundu. Ukitia kikombe kimoja cha maji, kitavuja chote. Ukimimina kwa mkono usiokoma, ndoo itajaa, ingawa tundu lipo na linavuja. Mito yetu ndiyo ndoo hiyo. Hata dawa inayovunjika upesi huonekana mtoni kila siku ikiwa kila siku inamwagwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walitangaza kwamba walipima mito mahali 711 katika nchi 72, wakakuta viuavijasumu katika asilimia 65 ya mahali hapo, mto Thames wa London ukiwamo. Miongoni mwa nchi ambako viwango vilivuka mpaka wa usalama walitaja Bangladesh, Pakistani, Ghana, Nigeria na jirani zetu Kenya. Tangu mwaka 2012 wataalamu wa Kenya pamoja na wenzao wa Ubelgiji walikuwa wamekwisha kueleza kwamba mto Nairobi una salfa ileile ya Septrin, pamoja na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI.

Wala si ajabu. Miji yetu imekua kuliko mabomba yake. Mabwawa ya maji taka, kama yale wanayoyajua wakazi wa Dar es Salaam kule Vingunguti au wa Nairobi kule Dandora, hufanya kazi kwa jua, muda na vijiumbe. Si mpango mbaya kwa baadhi ya dawa, maana jua ni kali. Lakini nyumba nyingi hazijaunganishwa na bwawa lolote. Zina shimo, na shimo lina mvua, na mvua ina bonde.

Nisingeyaleta haya redioni kama yangebaki ya vitabuni. Mwaka huohuo binti yangu mdogo, wa miaka sita, alijikata mguu kwenye kipande cha bati karibu na banda. Kidonda kikavimba. Nikafanya kama tufanyavyo wengi: nikaenda duka la dawa nikanunua vidonge vya rangi mbili, nikampa. Siku ya nne mguu ukawa wa moto na usaha unatoka. Hospitali wakabadilisha dawa, haikushika. Ndipo daktari akachukua usaha ukapelekwa maabara kuoteshwa. Majibu yakarudi kwamba vijidudu vile havitikisiki kwa dawa tatu, na mojawapo ni tetrasaiklini. Daktari, kijana mpole, akaniuliza: “Mzee, nyumbani mnafuga?”

Nikasema tunafuga. Hakuongeza neno.

Namshukuru Mungu dawa ya nne ilishika, na leo mtoto anaruka kamba. Siwezi kusema kwamba vijidudu vile vilitoka kwa kuku wangu. Hakuna aliyewapima kuku, na usugu una njia nyingi, ya kwanza ikiwa ni sisi wenyewe tumezao vidonge viwili tukaacha. Lakini katika zile siku tisa za kukaa kando ya kitanda, sikuweza kusema pia kwamba havikutoka kwangu. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ni kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Kila mmoja wao alikuwa na mtu kando ya kitanda.

Yapo yaliyokwisha kufanyika. Uingereza iliunda kamati iliyotoa ripoti mwaka 1969 ikitaka dawa za binadamu zisitumike kukuzia mifugo. Sweden ilipiga marufuku kabisa mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote ukafuata tarehe 1 Januari 2006. Marekani, kulikoanzia mchezo, ilisimamisha mwaka 2017 matumizi ya kukuzia mifugo kwa zile dawa zenye umuhimu kwa binadamu. Ukihesabu tangu yale machicha ya 1950 utaona ni miaka 67.

Hata mbolea ina njia. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 2008, watafiti walieleza jinsi walivyolundika mbolea ya batamzinga na kuiacha ichemke yenyewe kwa joto la kuoza. Klorotetrasaiklini ilitoweka karibu yote katika majuma machache. Lakini salfa waliyoijaribu haikupungua. Kwa hiyo lundo husaidia, ila halifuti kila kosa. Lililo bora ni kutoitia dawa mahali isipohitajika.

Nami nimeacha ile “tahadhari” ya siku tano. Vifaranga huchanjwa kideri, banda husafishwa, na kuku akiugua namwita bwana mifugo badala ya kumwuliza muuza duka. Mbolea hulundikwa na kufunikwa mpaka ipoe ndipo itoke. Mayai hayajapungua.

Mwezi uliopita bibi alikuja kuchukua viroba vyake. Nikamwekea kiti, nikamsimulia yote: askari wa Oxford, baiskeli, udongo wa Yukon, mguu wa mjukuu wake, maana humwita hivyo binti yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: “Mwanangu, mimi nilikuuliza kwa sababu minyoo ya ardhini bondeni kwangu ilikuwa imepungua. Nikasema labda wewe uliyesoma unajua.”

Sina kitabu kinachonieleza kama minyoo ile iliondoka kwa ajili ya dawa yangu au kwa ajili ya jambo jingine. Ninachojua ni kwamba yeye alikuwa ameinama, akautazama udongo, akaona. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji ya njano, namjibu.

Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.